Ampli ya dijitali itafukuza ile ya transfo mu salon zetu?

Kwanza jina lenyewe linadanganya. Zile ampli ndogo watu wanaita "dijitali" ni klasi D, na hiyo D haimaanishi dijitali, ni herufi tu iliyokuwa inafuata, A, B na C zilikuwa zimeisha kuchukuliwa. Ndani yake transista zinawaka na kuzimika mara laki kadhaa kwa sekunde, alafu koili na kondensa zinachuja, bafle (spika) inapata muziki peke yake. Ile ya zamani ya transfo, klasi AB, transista zake zinafanya kazi zikiwa nusu wazi, umeme mwingi unageuka joto, ndiyo maana saa ya feti ukiigusa mgongoni inakuunguza.

Sasa kwetu Bukavu mambo inaanzia ku kuran, ni kusema umeme, si ku masikio. Klasi D inapeleka karibu asilimia 90 ya umeme ku bafle, AB hata ku karatasi mwisho wake ni 78 hivi, na ukisikiliza polepole inashuka mbali sana. Mwenye pano ya jua juu ya bati na batri ya volti 12 pale Kadutu hana hesabu nyingine ya kufanya, delestaji ikipiga, umeme ukikatwa mtaa mzima, yeye anaendelea na sebene yake, jirani mwenye transfo ya kilo nane ananyamaza. Na hata kuran ikiwepo, usiku inalegea, transfo inalegea nayo, wakati alimentasyo (chaja) nyingi za klasi D zinakula kuanzia volti 100 mpaka 240 bila kulalamika.

Kuhusu sauti, zamani walikuwa na haki ya kuisema vibaya, sauti za juu zilikuwa zinabadilika kufuatana na bafle uliyofunga. Mbelgiji mmoja, Bruno Putzeys, alirekebisha hiyo kasoro akiwa ku kampuni ya Philips kisha Hypex: ampli inajisahihisha hata kisha chujio. Kwa hiyo kwa zile za bei kubwa, hiyo kesi mimi naona imekwisha. Zile za soko ni hadithi ingine. Wameandika wati 1000 ku karto, chaja ni volti 12 ampea 5, piga hesabu, ni wati 60, zile 940 zinatoka wapi, ku maombi?

Lakini kuna fundi, na hapa ndipo AB inanishika. Yangu imeshaungua mara tatu, kila mara papa fundi ananitolea transista mbili, 2SC5200 na 2SA1943, mu kopo lake, jioni inaimba. Ile ndogo ya klasi D ilipozima aliiangalia na lupu, miguu ya chipi myembamba kama nywele, akanirudishia. Na chipi ukiipata ni ya kampuni moja tu, ikifunga umebaki na bati: Tripath, waliotoa chipi TA2024 iliyopendwa sana, walifilisika 2007. Transista hata kampuni yake ikifa mara kumi utapata ya kuchomoa mu ampli ingine.

Basi nikamuuliza papa fundi, ku kwake anasikilizia nini. Akacheka. Ni klasi D, ku batri. Ile ya transfo iko chini ya kitanda, inangojea ndoa ya binti yake.