Nani kasema msanii akipona anaishiwa?

Kuna maneno nayasikia sana kwenye studio na vibanda vya wachoraji hapa Mtwara: "Fulani mwacheni hivyo hivyo, mkimpeleka hospitali watamtoa yale mambo yake, ataanza kuimba kama watu wote." Anayesema hivyo mara nyingi anampenda huyo fulani. Kwa hiyo nitabishana naye kwa upole, ingawa upole wenyewe kwenye jambo hili huwa unanishinda.

Imani ya kwamba kipaji na ugonjwa wa akili vinalala kitanda kimoja sisi watu wa Kusini tunaibeba kwa namna yetu. Uchongaji wa Kimakonde una mtindo mzima unaoitwa shetani: jicho moja, midomo inayoning'inia, viungo vinavyojipinda mpaka hujui mkono ni upi na mguu ni upi. Mgeni akiuona anadhani mchongaji alipandwa. Aliyewahi kushika tezo hadhani hivyo. Mpingo ni mti mgumu, hauna mchezo, pigo moja likienda vibaya kazi ya wiki nyingi inapasuka. Shetani yule anatoka kwenye mkono uliotulia na macho yaliyolala usingizi wa kutosha. George Lilanga, aliyezaliwa Masasi mwaka 1934 na kufariki 2005, alichonga na kupaka rangi mashetani wanaochekacheka na kupiga soga, na wingi wa kazi alizoacha ni wa mtu aliyekuwa anakaa kazini.

Wanaopenda mifano ya Ulaya nao nina wa kwao. Edvard Munch, mchoraji wa Norway, alizidiwa na pombe na hofu mpaka mwaka 1908 akaingia kliniki ya magonjwa ya akili Copenhagen, akakaa miezi kadhaa. Baada ya kutoka aliishi hadi 1944, akichora miaka yote hiyo, zikiwemo picha kubwa za ukumbi wa chuo kikuu cha Oslo. Wapo wahakiki wanaosema kazi zake kali zaidi ni za kabla ya kliniki. Wana haki ya kusema. Ila mimi nikiwa ndugu yake ningechagua ile miaka thelathini na mitano.

Halafu watu wanaogopa kitu ambacho hawajakiona. Ukienda kwa mshauri nasaha, au mwanasaikolojia, kazi kubwa ni kuzungumza. Anakuuliza, unaeleza, mnaangalia pamoja jinsi kichwa chako kinavyoruka kutoka "wimbo wangu haujapigwa redioni" hadi "mimi si mtu" bila kusimama njiani. Mnajaribu kukizoeza kisimame. Dawa ni jambo la daktari, na si kila anayekwenda anapewa. Na tuseme ukweli, zipo dawa zinazoleta usingizi au kutetemesha mikono, na kwa mpiga gitaa hilo si dogo. Mwambie daktari wazi kwamba mikono ndiyo riziki yako, maana dozi hupunguzwa na aina hubadilishwa. Kuziacha mwenyewe kimyakimya ndiyo hatari.

Sasa tuje kwenye linalotuumiza zaidi huku. Msanii wa Mtwara na Lindi anaishi kwa kalenda ya korosho. Minada ikianza Oktoba na malipo ya wakulima yakishuka, kila mtu anataka ngoma, mshereheshaji, picha za harusi, bango jipya la duka. Simu haipumziki. Ndio msimu huohuo mabibo yamejaa na uraka, pombe ya mabibo hayo, uko kila kona, na wapo wanaokulipa nusu fedha nusu kikombe. Kisha korosho zinakwisha. Mvua zinashika, simu inanyamaza, madeni ya kodi na ada yanabaki. Yule aliyekuwa anabebwa mabegani anaanza kujiona takataka, na kikombe alichozoeshwa msimuni sasa anakinunua mwenyewe.

Hapo mshauri hawezi kukupa pesa, na anayekuahidi hivyo mkimbie. Anachoweza ni kukusaidia kutenganisha mambo mawili tunayoyachanganya kila mwaka ifikapo Machi: kukosa kazi, na kukosa thamani. Mengine ni ya kwetu wenyewe: kuweka akiba Novemba, na kukataa malipo ya kikombe.

Kwa nini basi hatuendi? Mji ni mdogo. Ukionekana kwenye benchi la afya ya akili, jioni tayari umeshaitwa mtu wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Sheria nayo haisaidii: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo mwenye mawazo hayo anahofia hata kumwambia nesi. Ningependa kifungu hicho kifutwe kesho asubuhi. Mpaka hapo, niseme tu kwamba kuwaza si kosa, na kusema umewaza si kosa. Aliyezidiwa aende hospitali ya Ligula hapa Mtwara, au ya Sokoine kama yuko Lindi, leo hii, na asiende peke yake. Dua ya shehe na maombi ya padri yaendelee, hakuna anayekataza.

Kwa wengine ambao hawajafika huko, natamani tuige Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kusikiliza, na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliopitia mabenchi hayo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi tuna makungwi na manyakanga wa unyago waliotunza siri za vijiji vizima tangu tukiwa wadogo. Maafisa utamaduni, mnapoomba bajeti ya jukwaa na spika za tamasha lijalo, ombeni na ya kuwafundisha bibi kumi kwa kuanzia. Benchi hata seremala wa Chikongola atalitengeneza kwa siku moja.