Tuanze na stesheni, ghorofa baadaye

Nimesoma hii habari ya kutaka kuchangamsha katikati ya mji wetu wa Kigoma kwa kujenga maduka ya ghorofa. Naomba tuanze na tulichonacho. Reli ya Kati ilifika hapa 1914, na stesheni ile ya Wajerumani ipo mpaka leo, karibu na bandari ilikoungwa meli ya Liemba. Hiyo ndiyo sura ya mji.

Tatizo, abiria akishuka hakai. Anadaka bodaboda, huyoo mtaa wa Mwanga. Juzi nimemkuta mama ameketi juu ya kiroba chake cha dagaa, kanga kichwani, jua la saa saba linamchoma, anasubiri usafiri. Roho iliniuma. Benchi na kivuli tu vingemtosha!

Wekeni benchi, maji, choo safi na taa za uhakika. Mama lishe wapewe sehemu wauze samaki wetu wa migebuka na ugali wa muhogo hadi usiku. Watu wakikaa, wenye maduka watafuata wenyewe. Na jamani, miembe ya barabara ya Lumumba isiguswe, tumekulia chini yake.