Anayeanza skii hahitaji mlima mzima

Kila ikifika Januari, Waswahili tunaoishi huku Ulaya huanza kuulizana: twende Zermatt, kile kijiji cha milimani Uswisi, wikiendi moja tukajifunze skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni? Jibu langu ni lilelile. Skii jifunzeni, tena umri usiwatishe. Ila Zermatt si pa kuanzia, na mkienda, msinunue tiketi ya mlima mzima.

Hesabu yenyewe ndiyo inayoniuma. Zermatt pamoja na Cervinia, upande wa Italia, zina njia za skii za kilomita 360 hivi, na tiketi ya siku moja msimu ukichanganya huwa kama faranga 100 za Uswisi au zaidi. Sasa mgeni wa mchezo atashinda wapi? Atapandishwa hadi kituo cha Sunnegga, juu ya kijiji, kwa treni ya handakini, ashuke kidogo hadi kwenye kiziwa cha Leisee, na hapo, kwenye kijiteremko ambacho watoto wadogo wanakimaliza wakicheka, ndipo atakapokuwa tangu asubuhi mpaka jioni. Njia nyekundu na nyeusi za huko juu, zile ngumu, hatazikanyaga, lakini amezilipia.

Pesa hiyo mpe mwalimu. Siku ya kwanza kazi kubwa ni kujua kusimama: ncha za mbele za skii, yaani zile mbao, zikaribiane bila kugusana, visigino visukume nje, magoti yakunjwe, muundi uegemee ulimi wa buti. Ukisikiliza ni rahisi, ila mwili unakataa. Mtu akiogopa mteremko huegemea nyuma, na akishaegemea nyuma skii hazimtii tena. Rafiki mzoefu atakuambia "njoo tu, usiogope," kisha aondoke zake. Mwalimu anateleza kinyumenyume mbele yako, uso kwa uso, akikukumbusha umtazame yeye na si miguu yako. Saa mbili za namna hiyo zinazidi siku nzima ya kuanguka peke yako.

Na dukani unapokodi vifaa, ukiulizwa uzito, sema kweli. Fundi anapima kwa uzito, urefu, umri, ukubwa wa buti na uzoefu wako, ndipo anakaza kile kishikio kinachofunga buti kwenye skii. Wapo wanaojipunguzia kilo kwa sababu mashemeji wamesimama nyuma yao kwenye foleni. Kishikio kikilegea, skii inachomoka katikati ya kona. Mwingine anajifanya mzoefu, kinakazwa, na siku ya kuanguka hakifunguki: skii inazunguka na goti nalo linazunguka. Goti likichanika mishipa, ni miezi ya kuuguza. Hili naomba tusilifanyie mzaha.

Najua nitakavyojibiwa: Zermatt ina theluji ya uhakika. Ni kweli. Kijiji kiko mita 1,600 hivi juu ya bahari na magari ya kebo yanafika mita 3,883, wakati vituo vya skii vilivyo chini zaidi vinazidi kukosa theluji kwa sababu ya joto. Lakini kwa anayeanza, Februari, kinachotakiwa ni uwanja mpole wenye theluji ya kutosha. Treni inayokwenda Zermatt inasimama njiani St. Niklaus; shuka hapo, panda basi hadi Grächen, kijiji kilicho karibu kimo sawa na Zermatt, kilichozoea familia na watoto.

Matterhorn, unaoonekana kutoka Zermatt, na mita zake 4,478 ni mlima wa kuonwa kwa macho, sibishi. Tenga siku yake, acha skii, panda treni ya Gornergrat, iliyopo tangu 1898, ikufikishe mita 3,089 ukiwa umekaa dirishani. Paka losheni ya jua hata kama ngozi yako ni nyeusi kama yangu, maana theluji inarudisha mwanga usoni kutoka chini.

Ombi langu kwa wauza tiketi wa Alpi nzima: kabla ya kupokea kadi ya mteja, muulizeni kama ndiyo mara yake ya kwanza, na akisema ndiyo, mtajieni kwanza tiketi ya wanaoanza.