Nimefaulu moyo bila ya kuuona moyo

Mwaka wangu wa kwanza wa diploma ya uuguzi nilipata A ya anatomia na fiziolojia. Nilichora moyo kwa kalamu mbili, nyekundu upande wa kushoto na buluu upande wa kulia, nikatia mishale, nikaandika majina ya vali zote nne, ile milango inayozuia damu isirudi nyuma, kwa Kiingereza bila ya kukosea herufi. Mkufunzi akaupitisha mchoro wangu darasani wenzangu wauone. Moyo wenyewe, uwe wa mtu au wa mbuzi, nilikuwa sijapata kuushika.

Chuo ni cha hapa hapa Pemba, jina nitaliacha. Kwenye ratiba kila Jumatano palikuwa na kipindi kimeandikwa "vitendo". Chumba kipo: meza ndefu, sinki lisilotoa maji, na mdoli mmoja ambaye tumbo lake hufunguka lakini ini lake limeshapotea. Tukikaa humo tukisomewa slaidi. Tofauti yake na nadharia ni kuwa tulivaa makoti meupe.

Nilikuja kujua kuwa sijui nilipofika wadini. Bibi mmoja, mwembamba, kaandikiwa sindano ya kalioni. Sentensi naijua: gawa kalio mafungu manne, choma robo ya juu ya nje, uukwepe mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Nimeiandika kwenye mitihani miwili. Nikasimama na bomba la sindano mkononi, na lile kalio halikuwa na mistari. "Mwanangu, bado?" bibi akauliza kwa upole. Dada wa zamu akanishika mkono, akauweka kwenye ncha ya mfupa wa nyonga, akaubonyeza. "Umeusikia? Basi siku zote anzia hapa." Kazi ya sekunde kumi. Mfupa ule ule ninao mimi, anao kila aliyekuwa darasani, na mwaka mzima hatukuambiwa tuutafute kwa vidole vyetu.

Tangu siku hiyo nikiambiwa hakuna maabara kwa sababu hakuna pesa, nasikiliza nusu. Darubini ni pesa, kweli. Mifupa ya plastiki ni pesa. Mkufunzi mmoja kwa wanafunzi sitini si jambo la kumlaumu yeye. Na maiti sizidai. Najua huku kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri kashazikwa, na nesi hahitaji kupasua maiti ili ajue kuchoma sindano. Ninachokidai ni vitu vidogo vya aibu. Mapigo yahesabiwe, watu wapande ngazi mbio, yahesabiwe tena, kisha ndiyo tuzungumze kwa nini yamepanda. Tuambiwe kuwa moyo wa mtu aliyetulia husukuma kiasi cha lita 5 kwa dakika, halafu lile dumu la mafuta la lita 5 liwekwe mezani tulitazame.

Mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alichapisha kitabu cha kuthibitisha kuwa damu huzunguka mwilini, na moja katika hoja zake aliionesha kwa mkono uliofungwa kitambaa, basi. Sisi tulikuja kuifanya dahalia usiku, kwa pindo la kanga. Unafunga juu ya kiwiko, mishipa inatuna. Unabana mmoja kwa kidole. Kwa kidole cha pili unaisukuma damu kwenda juu mpaka ikivuke kinundu kinachofuata, halafu unakiachia kile kidole cha juu. Kipande cha kati kinabaki kimelala, kitupu, damu hairudi. Achia cha chini: kinajaa papo hapo. Mwenzangu alirudia mara tano akicheka peke yake. Kinundu kile ndiyo vali ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, ambayo wote tulikuwa tumeikariri na wote tulikuwa nayo mkononi.

Wapo wanaosema video zipo kwenye simu. Zipo, nami nazitazama bando likiwepo. Lakini moyo wa kwenye video umeshapasuliwa na umeshatiwa mishale. Haukuulizi wewe kisu ukiingize wapi.

Mimi naona ugonjwa uko kwenye mtihani. Mtihani ukiuliza majina, tutakariri majina, na chuo hakitaona haja ya kitu kingine. Niwekee fupapaja mezani uniulize ni la mguu wa kulia au wa kushoto. Katika vitabu nilivyosomea liko la kulia tu, tena limesimama wima linakutazama. Mimi mwenye A ningebahatisha.

Moyo wenyewe niliutafuta likizo, Chake Chake, kwa ami mmoja muuza nyama ya mbuzi. Nilimwomba auache na mshipa wake wa juu, asiukate shingoni. Akaniuliza wa supu? Nikamwambia wa kusomea. Akacheka, akanitilia na pafu bure. Bei yake haikufika nilizokuwa nikitoa kwa kopi za noti za wiki.

Nilianza vibaya: nilikuwa naitafuta buluu. Moyo ni mwekundu wa hudhurungi kotekote, umevaa mafuta meupe, na sikujua mbele yake ni wapi. Nikatia kidole. Upande mmoja ukuta laini, unabonyea. Upande wa pili mnene, mgumu, kama mara tatu ya ule. Hapo nikajua kushoto ni wapi, maana upande huo ndio unaosukuma damu mwili mzima, na sijapata kusahau tena. Nikamimina maji kwenye ule mshipa wa juu, aota, na maji yakasimama kama yako kikombeni, yakipungua polepole kupitia vitundu viwili ubavuni: mishipa ya kuulisha moyo wenyewe. Vali ilikuwa imejifunga. Nilipoupasua nikaona nyuzi za vali ya ndani, nyeupe, zimekazwa kama mshipi wa kuvulia. Kitabuni zilikuwa mstari mmoja wa kalamu.

Mbuzi naye hudanganya, lazima niseme. Figo lake ukilipasua lina kilele kimoja, la mtu lina piramidi nyingi. Na tumbo lenye vyumba vinne usilisomee kabisa.

Bi mkubwa alinipa saa nzima ya kumwaga maji uani, kisha akaja na sufuria. Aliuosha, akaukata vipande, akautia ndimu na pilipili. Ventrikali ya kushoto, kile chumba chenye ukuta mnene, ndiyo iliyochelewa kuiva.