Baba Karudi, na Chai Haina Sukari

Baba wa rafiki yangu mmoja alirudi nyumbani kwake Tanga baada ya miaka 19. Aliondoka akiwa baharia, kisha akawa mtu wa "yuko Mombasa", kisha "yuko Maskati", na mwishowe hakuna aliyeuliza tena. Alifika alasiri na begi moja na redio, akapiga hodi kama mtu aliyetoka dukani mara moja. Kesho yake asubuhi, mbele ya wanawe watatu ambao wawili hawakuikumbuka hata sura yake, alionja chai, akaweka kikombe chini, akasema chai ya nyumba hii siku hizi haina sukari. Mama mwenye nyumba alimjibu bila kugeuka kutoka jikoni: "Sukari uliondoka nayo."

Mtaa ulicheka wiki nzima. Nasikia hata mzee mwenyewe alicheka, na hapo ndipo walipojua kwamba hana aibu hata kidogo.

Nalikumbuka tukio hilo kila ninapotazama The Royal Tenenbaums, filamu ya Wes Anderson ya mwaka 2001, nami nimeshaitazama mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima mwenye shughuli. Wanaiweka kwenye fungu la filamu huru. Mimi hapo huwa natabasamu, kwa sababu fedha zilitoka Touchstone, kampuni ya Disney, na waigizaji wake ni majina makubwa matupu: Gene Hackman, Anjelica Huston, Ben Stiller, Gwyneth Paltrow, Bill Murray, Danny Glover. Uhuru wake uko kwenye namna ya kusimulia. Kwa habari ya baba aliyeitelekeza familia kisha akarudi, sijaona nyingine inayosema ukweli kama hii, na inausema kwa sababu imekubali kuchekesha.

Tunaijua vizuri hadithi hii katika tamthilia zetu. Baba katoroka, mama kauza vitumbua mpaka watoto wakasoma, miaka imepita. Siku moja mlango unagongwa. Ni yeye, kakonda, anakohoa kwenye leso. Muziki wa kinanda unaanza. Mtoto mkubwa anafoka, mama analia, baba anapiga magoti, na kabla ya sehemu inayofuata ameshasamehewa na ameshazikwa. Ule ugonjwa ndio uliofungua mlango. Nani atamfukuza mtu anayekufa? Majirani watasema nini?

Royal Tenenbaum, baba wa filamu hii, anaijua kanuni hiyo fika, ndiyo maana anaitumia kuibia watu. Ni wakili aliyefutwa uwakili, amekaa hotelini miaka na miaka, sasa deni limezidi na hoteli inamtoa. Wakati huohuo mtumishi wake wa siku nyingi, Pagoda, anamnong'oneza kwamba Etheline, mkewe ambaye hakuwahi kumpa talaka, ameposwa na mhasibu wake, Henry Sherman. Basi Royal anajitangazia saratani ya tumbo na wiki 6 za kuishi.

Namna anavyomweleza Etheline ndiyo inayonimaliza. Wako barabarani. Anamwambia anakufa. Mama wa watu anaanza kulia kweli, kilio kinachotoka tumboni, na Royal anaingiwa na hofu, maana hakutegemea kwamba bado kuna mtu wa kumlilia. Anabatilisha palepale: sifi. Etheline anampiga, anageuka aende zake. Royal anaona ngoma inaharibika, anarudi kwenye uongo wake: nakufa. Yote hayo ni dakika chache, na ndani yake mna ndoa nzima. Mwanamume ambaye hawezi kuvumilia machozi ya mkewe kwa nusu dakika, wala hawezi kuvumilia kuachwa.

Wanamwingiza ndani. Chumbani kunaletwa mashine za hospitali, na daktari anayemhudumia ni Dusty, mwendesha lifti wa hoteli ile aliyofukuzwa. Anayemfichua ni Henry, na anamfichua kwa sababu inayouma: mkewe marehemu alikuwa na saratani ya tumbo ya kweli, kwa hiyo anajua mgonjwa wa namna hiyo anakula nini na anameza nini. Vidonge vya Royal ni peremende.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema filamu hii ni ya msamaha. Kwangu mimi ni filamu ya madeni, na kila mtoto ana deni lake.

Richie, mcheza tenisi, alikuwa kipenzi cha baba; yeye peke yake ndiye aliyekuwa akichukuliwa matembezini. Anamkaribisha mzee bila swali. Margot ni binti wa kulea, na tangu utotoni Royal hakumtambulisha kwa mtu bila kutaja neno hilo. Tunao wazazi wa namna hiyo. "Huyu tunamlea tu", anaambiwa mgeni, na mtoto amesimama palepale na sinia la maji. Siku Margot alipotimiza miaka 11 aliandika mchezo wa kuigiza wakaucheza nyumbani, na baba akaukosoa kama mhakiki wa gazeti, keki ikiwa mezani. Na Chas, mtoto mwenye akili ya biashara, aliibiwa fedha zake na babake mwenyewe, akamshitaki mara mbili, akasababisha afutwe uwakili. Mkononi mwake, katikati ya vifundo vya vidole, mna risasi ndogo ya bunduki ya upepo aliyopigwa na baba katika mchezo walipokuwa timu moja. Haijatolewa mpaka leo. Ukiniuliza kwa nini baadhi ya watoto hawasahau, nitakuonyesha mkono huo.

Chas amefiwa na mke katika ajali ya ndege. Anawavalisha wanawe wawili, Ari na Uzi, traksuti nyekundu kama yake, na usiku anawaamsha ghafla kuwafanyisha zoezi la kukimbia moto. Babu anapojua ana wajukuu ambao hajawahi kuwaona, anawatorosha: wanaruka kwenye bwawa la kuogelea, wanadandia nyuma ya gari la taka, wanaiba vitu vidogo dukani, wanakwenda kutazama majibwa yakipigana. Ni malezi ya ovyo kabisa. Na ni mara ya kwanza tunawaona watoto wale wakicheka.

Nimeona jambo hilo kwa macho yangu mitaani kwetu, ndiyo maana naliamini. Baba aliyeshindwa kuwa baba huweza kuwa babu mzuri ajabu, na wanawe hukaa pembeni wakitazama kwa mchanganyiko wa furaha na hasira. Kumbe alikuwa anaweza! Kumbe hadithi za sungura alizijua siku zote! Wajukuu hawamdai kitu, kwa hiyo mbele yao anapumua. Yule mzee wa Tanga aliwatengenezea wajukuu zake magari ya makopo yenye usukani wa waya, na rafiki yangu aliniambia kwamba alipoyaona, hamu yake ya kwanza ilikuwa kuyapiga teke.

Lakini kitu ninachotaka hasa kukisema ni hiki: katika filamu yote, tendo la kwanza la Royal ninalolihesabu kuwa toba ni kumpa Etheline talaka.

Saratani alidanganya. Wajukuu aliwafurahia, na furaha si malipo. Talaka ndiyo iliyomgharimu, kwa sababu ndiyo kitu cha mwisho alichokuwa anakishikilia katika nyumba ile. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa sana hapa. Tunawajua wanawake walioachwa hivyo, hana mume na hana talaka. Akiposwa, bwana aliyeko ng'ambo anakumbuka ghafla kwamba ana mke. Aya ya 129 ya Suratun Nisaa inawaonya waume wasimwache mke kama kitu kilichoning'inizwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inahesabu kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka 3 kuwa moja ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Sheria ipo, lakini wangapi wana nauli na moyo wa kwenda mahakamani kushindana na mume ambaye hayupo? Wengi wanangoja, na mwanamume anahesabu kungoja kule kuwa ni heshima yake.

Kwa hiyo nikisikia baba fulani karudi kuomba radhi, siulizi amelia kiasi gani. Nauliza ameachia nini. Je, ameuachia ule ukubwa wa meza, kile kiti, lile neno la mwisho? Royal, baada ya kufichuliwa, anaomba kazi katika hoteli ileile iliyomtoa, naye anakuwa mwendesha lifti kando ya Dusty. Anavaa sare. Wakili mzima anawabonyezea watu ghorofa. Kisha anaachia talaka, na Etheline anaolewa na Henry, mtu mpole aliyekuwepo siku zote. Sijui tamthilia yetu gani ingethubutu hivyo, kumrudisha baba na bado mama aolewe na mwingine, na hadhira ifurahi.

Nina lawama zangu pia, tena si ndogo. Familia ya Tenenbaum inaishi katika jumba la ghorofa kadhaa huko New York. Etheline ni mtaalamu wa mambo ya kale, watoto walikuwa wajuzi waliotajika tangu wadogo. Royal alipoondoka, hakuna aliyefukuzwa shule. Hakuna aliyelala na uji mtupu. Kutokuwepo kwake ni jeraha la moyo tu, na hilo linampa mwandishi nafasi ya kuchekesha ambayo kwetu isingepatikana kirahisi. Baba wa kwetu akitoroka, kinachotangulia kuumia ni ada na kodi ya nyumba. Moyo unakuja baadaye sana, pengine mtoto ana miaka 30. Nilimpa shangazi yangu aitazame. Akatazama nusu, akauliza: "Sasa hawa wanalia nini, nyumba si wanayo?" Sikuwa na jibu la haraka.

Pagoda naye ananikera kidogo, au tuseme filamu inanikera kwa ajili yake. Ni Mhindi aliyemchoma Royal kisu huko Calcutta kisha akambeba hadi hospitali, na tangu hapo yuko naye. Kumar Pallana anamcheza vizuri, kwa uso mkavu kabisa, lakini hatuelezwi hata mara moja kama naye ana watu wake aliowaacha. Filamu nzima ni ya mtu aliyeitelekeza familia, na pembeni amesimama mtu ambaye hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi.

Gene Hackman ndiye anayenifanya nisamehe yote hayo. Anderson aliiandika nafasi ya Royal akimfikiria yeye, na ilimpatia tuzo ya Golden Globe. Hackman mwenyewe alikuwa na miaka 13 babake alipoondoka. Aliwahi kusimulia kwamba alikuwa anacheza mtaani, babake akapita na gari, akampungia mkono, na huo ndio ukawa mwisho. Alifariki Februari 2025 akiwa na miaka 95. Nilipopata habari niliiweka tena filamu, nikajikuta natazama mikono yake tu, namna anavyopunga.

Mwishoni kuna ajali. Gari linaivamia nyumba siku ya harusi, Royal anawasukuma wajukuu wakapona, na mbwa wao anakufa. Mzee hatoi hotuba ndefu. Anawaendea zimamoto waliofika, anapatana nao bei ya mbwa wao, anamleta. Chas, yule wa risasi mkononi, anamwambia kwamba mwaka huu umemwia mgumu. Baba anajibu kwamba anajua. Basi. Hakuna aliyepiga magoti. Muda si mrefu Royal anakufa kwa maradhi ya moyo, safari hii kweli, akiwa na miaka 68, na aliye naye ndani ya gari la wagonjwa ni Chas peke yake. Kwenye jiwe la kaburi wanaandika maneno aliyoyaagiza mwenyewe, kwamba alikufa akiwaokoa watu wake katika meli ya vita inayozama. Mpaka kaburini anadanganya.

Mwaka jana niliitazama na rafiki yangu, yule wa Tanga. Nilisita kumwalika, lakini ni yeye aliyeng'ang'ania. Alicheka sehemu zote nilizocheka mimi, na nyingine ambazo sikuziona. Ilipofika pale Henry anaposhika kile kichupa na kutangaza kwamba vidonge ni peremende, alinyoosha mkono akasimamisha filamu. Tukakaa kimya, feni inazunguka.

"Mzee alisema ana presha," aliniambia. "Kila siku saa mbili usiku lazima apelekewe maji ya kumezea dawa. Nilikuwa nampelekea mimi."

"Na zilikuwa dawa gani?"

"Panado," akasema, akawasha tena.