China ilijiandaa, sisi wa mbaazi tulisubiri bei ianguke

Vuli ya 2025 huku Iowa, Marekani, soya ilikubali sana, kombaini zikafanya kazi mpaka usiku wa manane, lakini mteja mkubwa alikuwa amenuna. China, inayonunua zaidi ya nusu ya soya yote inayouzwa baina ya nchi duniani, ilikaa miezi bila kuagiza mzigo mpya Marekani kwa sababu ya ugomvi wa ushuru. Ndugu zangu wa Manyara, Tanzania, wanaolima mbaazi, walinitumia sauti za WhatsApp wakishangilia: "Trump kakomeshwa!"

Jamani, tusishangilie kabla hatujaelewa. China haikuamka asubuhi moja ikagoma. Tangu ushuru ambao Marekani na China walitozana 2018, ilizidi kuhamishia manunuzi Brazil, na kampuni yake ya serikali, COFCO, ikawekeza mpaka kwenye gati la bandari ya Santos. Kufikia 2024, katika kila tani kumi za soya ilizoagiza, kama saba zilitoka Brazil na mbili tu Marekani. Hiyo ndiyo jeuri yenyewe. Na soya ya Brazil nayo ina mkono wa Wajapani: mwaka 1973 Rais Nixon wa Marekani alizuia soya isitoke nje, Japani ikapata kiwewe, baadaye ikapeleka fedha na wataalamu kwenye mbuga za Cerrado huko Brazil. Marekani ilijitengenezea mshindani kwa mkono wake.

Sasa turudi Babati, kwetu Manyara. Agosti 2017, mbaazi zikiwa ndiyo kwanza zinavunwa, India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazotoka nje, kwa kuwa wakulima wake walikuwa wamevuna kupita kiasi. Msumbiji ilikuwa na mkataba wa serikali kwa serikali uliosainiwa mwaka mmoja kabla, ikaendelea kuuza. Sisi tulikuwa na madalali. Mama yangu mdogo alirundika magunia sebuleni akisubiri bei ipande, mpaka wadudu wakaanza kuyatoboa. Ada ya shule ikatoka kwenye kuuza ng'ombe.

Mzee ninayembebea mazao kwa lori huku Iowa alinuniwa na mteja vilevile, ila ana vihenge vitano vya chuma nyuma ya nyumba, ana bima ya mazao, na bei ya soko la nafaka la Chicago anaiona kwenye simu akiwa juu ya trekta. Akiona haimpendezi anafunga kihenge anasubiri. Serikali yake nayo, katika ule mvutano wa 2018 na 2019, iliwagawia wakulima zaidi ya dola bilioni 20. Analalamika kama kawaida ya wakulima, lakini hakuna ng'ombe aliyeuzwa. (Siwaombei hundi hizo nyumbani, hazina yetu haiwezi. Vihenge tunaweza.)

Watu watasema siku hizi kuna stakabadhi ghalani na minada ya TMX, soko la bidhaa la Tanzania. Ni kweli, na lumbesa, yaani magunia ya kujaza kupita kipimo, imepungua. Lakini wanunuzi kumi wanaoshindana mnadani, wote wakipeleka mzigo India, kwangu huyo ni mteja mmoja mwenye mashati kumi. Delhi ikibadili kauli, wote wanaondoka siku moja. Ndiyo maana hata ule mlango wa soya ambao China ilitufungulia 2020 naufurahia kwa tahadhari. Tukiukimbilia wote, tutakuwa tumehama kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine.

Mbaazi zilizokobolewa ninazonunua kwenye duka la Wahindi hapa Des Moines zimeandikwa zimetoka India. Zinaliwa Dubai, Leicester na Toronto. Mbaazi nzima, Mombasa na Tanga wanazipika kwa nazi, wanateremshia na mahamri. India ina haki ya kufunga mlango wake, ila haituzuii kukobolea mbaazi Babati na kuwauzia hao wengine wote. Mkataba na kinu cha kukoboa vitafutwe bei ikiwa nzuri, maana ikishaanguka hata benki haitapokea simu.