Fungate Imepita Siku Saba

Shangazi yangu wa Kibokoni, Mombasa, ana methali aipendayo, na tangu niolewe hunikaribisha nayo kila nikienda kumtazama: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Huisema huku akinimiminia kahawa, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwambia mwenzake abebe mwavuli kwa kuwa mawingu yametanda. Mimi hunywa kahawa yangu nikanyamaza. Yeye ni mkubwa, na sijibishani naye barazani kwake. Lakini jibu ninalo, nimekaa nalo miezi saba, na leo nataka kulitoa.

Nina miaka 41. Hiki ni chuo changu cha pili, yaani ndoa yangu ya pili. Tulifunga nikaha mwezi wa Mfungo Mosi, mvua za masika zikianza. Kwetu fungate ni siku saba. Siku ya nane bibi harusi anatarajiwa ashike ufagio na uso wake urudi ulivyokuwa. Wangu haujarudi. Wanawake wenzangu sokoni huniuliza kwa mzaha kama bado niko fungateni, na nikiwajibu kweli kwamba ndiyo, bado niko, hucheka wakidhani nami nafanya mzaha.

Nakumbuka chuo cha kwanza, nilipokuwa na miaka 24. Nilisingwa, nikapakwa hina, nikakalishwa na somo wangu, kungwi aliyenifunda, siku tatu. Alinifundisha mengi ya maana na sijamsahau kwa dua. Lakini neno moja alilirudia mpaka nikalishika kama herufi za juzuu: vumilia. Akikukasirikia, vumilia. Asipozungumza nawe, vumilia. Nikavumilia miaka tisa. Yule bwana hakuwa mtu mbaya, wala simsemi vibaya. Tuliishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana, mmoja akiingia mwingine akitoka, na nilidhani ndoa ndivyo ilivyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu huweza kusikia ufunguo mlangoni na moyo wake ukasimama kwa furaha. Hapo ndipo nina ugomvi na mafunzo yetu. Subira tunawafundisha wasichana wetu, na ni haki wafundishwe. Furaha je? Nani anamkalisha mwari chini amwambie jinsi furaha ilivyo, ili akiikosa ajue kwamba ameikosa?

Basi niieleze ya kwangu, maana iko katika vitu vidogo na vitu vidogo husahaulika.

Nianze na feri. Mimi ni mtoto wa Majengo, kisiwani. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa, nilikuwa na miaka kumi. Mtaani kwetu kuliwekwa matanga. Mama aliapa mguu wake hautakanyaga feri tena, na sisi watoto tukakirithi kiapo bila kuulizwa. Harusi ikiwa Likoni hatwendi. Tanzia ikiwa Ukunda tunatuma mchango. Nimekua nikiitazama ng'ambo kama mtu atazamavyo nchi ya watu, na ule mkondo hauzidi sana nusu kilomita.

Kisha nikampenda mtu wa Likoni.

Ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Alikuja ofisini kwetu kutengeneza kiyoyozi katika joto la kaskazi, akaomba maji ya kunywa, na hadithi iliyobaki ni ndefu. Aliponiposa nilimwambia wazi kwamba sivuki bahari, na kwamba kazi yangu iko kisiwani. Wengi wangenitajia wingi wa watu wanaovuka kila siku wakafika salama, au wangenicheka. Yeye aliniuliza tu nilikuwa na umri gani mwaka ule. Nikamwambia. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Basi tutavuka sote."

Nilidhani ni maneno ya mtu anayeposa. Asubuhi ya kwanza nilipokwenda kazini kutoka nyumbani kwake, mvua ya masika inanyesha na kusi limeanza kuchafua maji, alivaa viatu tukatoka. Tukangoja katika ule umati, milango ikafunguliwa, watu wakamiminika na mikokoteni na baiskeli, nami magoti yamelegea. Alinishika kiwiko. Kiwiko, si mkono, kwa kuwa tuko mbele za watu. Tulisimama pembeni kwenye reli, akaanza kunieleza habari za kompresa iliyomsumbua jana yake, jinsi ilivyokuwa ikiwaka na kuzima, alivyofungua hiki, alivyofunga kile, mpaka nikasikia chuma kinakwaruza saruji na watu wanaanza kushuka. Tulikuwa tumefika kisiwani, na mimi bado nataka kujua ile kompresa iliishia wapi. Alinipeleka mpaka kwenye matatu ya Posta, akageuka, akapanda feri akarudi Likoni. Karakana yake hufunguliwa saa tatu. Saa ile ilikuwa saa moja kasoro.

Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Anayevuka kwa miguu halipi kitu, kwa hivyo safari hizi hazimgharimu shilingi; zinamgharimu usingizi wake wa alfajiri, ambao kwa fundi anayerudi usiku mikono ikinuka gesi na mafuta ni mali kubwa. Hofu iliniondoka kama mwezi wa tatu. Niliona ni haki nimwambie, nikamwambia sasa naweza kuvuka peke yangu, alale. Akasema, "Kwani mimi huvuka kwa ajili ya hofu?"

Miezi saba sasa. Nimeujua mkondo ule kuliko nilivyowahi kuijua barabara ya kwetu. Najua siku za bamvua, maji yanapojaa mpaka kimo cha feri na cha gati hubadilika na watu hushuka kwa uangalifu. Najua meli kubwa ikiingia Kilindini feri husubiri ipite, na kwamba iliyosheheni hukaa chini majini na iliyo tupu huonyesha tumbo lake jekundu. Mambo haya yalikuwa hapo siku zote. Nilizaliwa mji huu na sikuyaona mpaka nilipopata wa kuniambia, "Tazama."

Alifanya vivyo hivyo na Ngomeni. Mara ya mwisho kuingia Fort Jesus ilikuwa na walimu wa shule ya msingi, nikikumbuka mizinga na kiu. Jumamosi moja alinichukua. Kuna ukuta wa kale unaohifadhiwa mle ndani, ambao mabaharia wa Kireno waliuchora kwa makaa na rangi nyekundu: merikebu zenye matanga, watu, makanisa. Ngome yenyewe ilianza kujengwa 1593, na vitabu husimulia vita vyake, nani aliizingira na nani aliiteka. Mume wangu alisimama mbele ya zile merikebu muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Huyu alikuwa na mtu kwao." Sitaweza tena kupita nje ya kuta zile bila kumfikiria yule baharia.

Jumapili ni siku ya mbaazi. Nazirowesha Jumamosi jioni, na asubuhi mahamri nayakanda mimi, lakini nazi ni yake. Huvuta mbuzi ya kukunia, hukaa, hukuna. Mwanamume kukalia mbuzi, katika nyumba niliyolelewa, ni jambo ambalo lingesimuliwa mpaka mtaa wa tatu; baba yangu, Mungu amrehemu, sidhani aliwahi kujua ubao ule ulikuwa ukiwekwa wapi. Huyu hukuna nazi tatu, polepole, bila kufika kwenye kifuu, nazi ikatoka nyeupe kama pamba. Binti yangu wa chuo cha kwanza, mwenye miaka 13, hukamua na kuchuja. Tui jepesi linachemshia mbaazi, tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, na lazima mtu akoroge bila kuacha lisije likakatika. Kazi hiyo ya kukoroga wanagombania wawili hao. Nami nimesimama kwenye karai la mafuta nikiwasikiliza. Binti huyu alipohamia Likoni alikuwa akifunga mlango wa chumba chake kutwa. Hakuna aliyemwambia aufungue. Mume wangu, ambaye yeye humwita ami, alikuwa akipita anabisha, anauliza kama atakunywa chai, anakwenda zake. Siku hizi mlango uko wazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyelisema jambo hilo, tunaogopa kulishtua.

Mwezi wa pili wa ndoa yetu mume wangu alitaka kuninunulia leso. Tukaenda Mtaa wa Biashara. Aliyewahi kununua leso anajua kwamba pindo na mji vinaonekana kwa jicho moja, ila jina linataka kusomwa, na mwanamume huyu alisoma kila jina dukani. Muuzaji alikunjua, akakunja, akakunjua. Nyingi zilikuwa zinapiga mtu kijembe: jirani, mke mwenza, mwenye wivu, mwenye maneno. Leso nzuri ile, rangi za kupendeza, na chini yake ugomvi. Alizirudisha zote. Hakutaka nifunge kiunoni adui ambaye sinaye. Mwishowe akapata moja imeandikwa "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika." Akaichukua hiyo. Fundi wa cherehani nje akatukatia na kutupindia pale pale, na ndiyo niliyojitanda nikiandika maneno haya.

Sasa kuhusu kuficha. Watu wanaonipenda wameniasa nisijionyeshe, kwa ajili ya husuda. Jicho lipo, mimi siligombi, na dini yangu inalithibitisha. Kila magharibi nasoma Sura ya Falaki, inayotukinga na shari ya hasidi anapohusudu. Lakini nikishajikinga kwa maneno ya Mola, kujificha tena ni kwa nini? Na Sura ya Dhuha, mwisho wake kabisa, inatuamrisha tuzisimulie neema za Mola wetu. Tumekuwa hodari wa kusimulia misiba. Ndoa ikivunjika, kabla ya adhuhuri habari imefika Kisauni. Ndoa ikiwa na raha, wenyewe wanaifunika kama kitu cha kuibwa. Msichana aliyekaa pembeni akisikiliza mazungumzo yetu atajua nini, ila kwamba kuolewa ni kilio?

Tunagombana, ndiyo. Anaacha bisibisi juu ya kitanda na mimi nina ulimi. Yanaisha.

Narudi kwa shangazi. Methali yake inasema kipya ni kinyemi ingawa ni kidonda, na wasemaji wote hukimbilia kile kidonda. Mimi kidonda nakijua. Nilikaa nacho miaka tisa na nikakiuguza mingine saba baada ya talaka, peke yangu na mtoto. Sihitaji kukumbushwa kilivyo. Nilichokuwa sikijui ni hicho kinyemi, na nimekipata nikiwa na nywele nyeupe mbili tatu, najua thamani yake, najua kuwa chaweza kuondoka kwa mauti au kwa lolote jingine Mungu alipendalo. Je, kwa kuwa chaweza kuondoka, nikionje nusu? Embe za msimu tunazila mpaka maji yanatiririka viwikoni, na hakuna mzee anayesimama juu ya kichwa cha mtu kumwambia kwamba msimu utakwisha.

Labda miaka kumi ijayo hatavuka nami tena kila asubuhi. Magoti yatauma, au kazi itakuwa nyingi. Nikikaa nyumbani siku hiyo nitakuwa nimevuka naye mara elfu, na zile mara elfu hakuna wa kuzirudisha.

Leo ni Alhamisi. Usiku wa kuamkia Ijumaa kwetu ni usiku wa manukato, na mtaani kwetu kuna mama mwenye mti wa asmini uani. Huzichuma alasiri zikiwa bado zimefumba, huzitunga vikuba na rehani, na kufika isha zinafumbuka nyumbani kwa aliyenunua. Mume wangu hupitia kwake kwanza, ndipo anakuja kunipokea gatini. Saa kumi na moja nitafunga daftari za hesabu. Feri ya saa hiyo hujaa pomoni, na wanaoshuka na wanaopanda hukutana kama maji ya mito miwili. Mtu hawezi kumwona mwenzake usoni. Mimi hutazama juu. Pale ng'ambo, katikati ya vichwa vyote vile, kutakuwa na mkono mmoja wenye alama ya kuungua kwenye kidole gumba, umeinuliwa juu kabisa, umeshika kikuba zisije asmini zikapondeka.